Ukuta wa Tanuri

Dada yangu,

Huku bekari hatujambo. Bosi kaleta mashine mpya ya kukandia unga, inakoroma kumshinda shemeji. Soksi za mtoto ulizonifumia bado ninazo, usiniulize tena.

Jana daktari aliniambia. Lile tumbo langu la kila mwezi ni ugonjwa. Huko ndani kumekuwa kukivimba na kuwaka moto miaka yote hii, hadi mirija ya uzazi ikashikana. Kupata mtoto sasa ni shida kubwa. Nikamwambia kwetu wanawake wote huumwa hivyo na hunyamaza. Akaweka kalamu chini.

Unajua nilivyokuwa nikijituliza. Naegemeza tumbo kwenye ukuta wa tanuri lipate joto, wenzangu wananiita Mke wa Tanuri, nami nacheka nao.

Sikulaumu, japo wewe ndiye uliyenifundisha kunyamaza. Ila binti yako alipokuja kwangu likizo, nikawa naja naye bekari, siku tatu nzima hakubanduka kwenye ukuta ule. Mimi nilimsogezea kiti, nikamwambia atazoea.

Dada, nakupigia magoti. Mpeleke hospitali kesho, kabla hajazoea.

Ni mimi,
mdogo wako