Wote Wazima, Wafu Tisa

Mama Salomé mpendwa, nakuandikia kukuomba ushauri, nikiwa sijui kama wiki ijayo nitakuwa bado na kazi. Mimi ni karani wa ofisi ya misaada hapa Kamina, tunapokea wakimbizi wa vita, na kila mwezi natuma ripoti kwa wakubwa wetu wa Lubumbashi, ambayo naiandika kwenye kompyuta kwa namna niliyojifundisha: maandishi ya kawaida, alama ya nyota mbele ya kila kichwa cha habari, na katikati ya aya mistari ya programu, ili wakati wa kuchapa mashine isome yenyewe orodha ya majina, ihesabu, iweke jibu mahali pake, na mkubwa wangu, Papa Isaïe, anaipenda sana kwa sababu hutia sahihi karatasi tupu kabla ya kusafiri, nami nachapa juu yake. Kila ripoti ina sentensi «wakimbizi wote wazima»; niliiandika mwenyewe, yeye ndiye aliyeniagiza, eti inawapendeza wakubwa. Basi mwezi uliopita kuhara kuliua, nikatia alama kwenye majina ya waliokufa, na mashine ikachapa chini ya sentensi hiyo: «Waliofariki: 9.» Papa Isaïe aliporudi akaona nakala ya ripoti niliyokwisha kutuma, alinifokea: «Zébédée, mashini iko na kinywa kupita miye chef? Toa ile ligne, ao utoke weye!» Mke wangu Lise naye ananiambia: «Toa tu, batoto batakula nini?» Cha ajabu, Lubumbashi wametupongeza kwa usafi wa ukurasa, dawa hawakutuma. Je, niufute huo mstari?

Zébédée, Kamina, Machi 1999

Zébédée mwanangu, pole, na pole zaidi kwa hao tisa, ambao katika barua yako nzima hukutaja jina hata la mmoja.

Unaniuliza juu ya mstari usio na kosa. Mstari wenyewe ulihesabu wafu, ukasema kweli. «Wote wazima» nani aliandika? Vidole vilikuwa vyako! Umeiachia mashine iseme ukweli kwa niaba yako, tena chini ya uongo wako, halafu unashangaa hakuna aliyesikia. Nani atume dawa kwa watu walio wazima wa afya?

Sasa sikiliza. Programu usiiguse. Futa «wote wazima». Wafu wapandishe juu kabisa, mashine iwachape kwa majina, maana orodha unayo. Andika wazi kwamba kuna kuhara na mnahitaji serumu, yale maji ya dawa ya kutiwa mshipani. Karatasi zenye sahihi mrudishie Papa Isaïe kwa heshima, umwombe asome kwanza. Akikataa, chapa ripoti kwenye karatasi safi, tia sahihi yako, umkabidhi msafiri wa treni unayemwamini aifikishe Lubumbashi. Lise ana haki ya kuogopa, nami siwezi kukuahidi kwamba hutafukuzwa. Lakini ukingoja, mwezi ujao mashine itahesabu tena, na haitakosea.