Hita Ndogo Kama Ukucha

Mwenzio leo nimeumbuka! Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Si unaijua ile hita yetu ya maabara, ndogo kama ukucha, ya kupashia vimeng'enya joto? Nimeibana na kipimajoto chake kwa vidole, nikamwendea bosi mbele ya wageni. "Mzee, hii mbovu! Nimeiwekea nyuzi thelathini na saba, inasoma karibu thelathini na tisa!"

Nimebwata weee, mpaka fundi aliyeitengeneza nimemtukana.

Bosi akaufuata waya wa hita mpaka mwisho, akauinua wageni wauone. Haujachomekwa popote! HAUJACHOMEKWA! Muda wote kipimajoto kinapima vidole vyangu!

Wageni hoi kwa kicheko. Bosi hakucheka, akanigusa paji la uso.

"Binti yangu, hita ni nzima. Mgonjwa ni wewe. Nenda hospitali."