Kidumu Kwenye Friji ya Soda

Masila, kitindamimba wetu,

Huku Kileleshwa mijakaranda imechanua. Barabara ni zambarau mpaka naona vibaya kuikanyaga.

Juzi hospitali walinipa kidumu nikusanye mkojo wa siku nzima, wapime figo zangu zinavyochuja. Walisema kikae mahali baridi. Pale kazini River Road, Rajinder mwenye duka akakitolea nafasi kwenye friji ya soda bila kuniuliza lolote. Mteja mmoja akakinyooshea kidole, akasema, "Nipe hiyo juisi ya ndimu." Rajinder akamjibu, "Hiyo iko na mwenyewe."

Jana asubuhi nilikirudisha hospitali ndani ya kiondo, nikipita juu ya maua polepole, kama mtu aliyebeba mtoto amelala. Nikakumbuka ulivyokuwa mzito ukishapitiwa na usingizi.

Majibu yametoka leo. Daktari anasema figo zangu ziko sawa kabisa, na moja itanitosha.

Najua ulinikataza kupimwa. Ulisema ni afadhali uendelee kuoshwa damu. Lakini nilipokuwa nakubeba mgongoni, Masila, sikuwa naomba ruhusa yako.

Dadako,
Kasyoka