Mashine ya Baba Ciku

Jumatatu, 5 Mei

Nimetoka hospitalini Upper Hill saa tisa. Nimemlisha mume wangu uji, nimembadilisha shati, nimemsomea gazeti. Baba Ciku anatazama ukuta. Daktari anasema kiharusi kimeshika upande wa kulia na ulimi, lakini akili ipo. Ipo wapi? Sijaiona. Hataki redio. Hataki wajukuu. Ijumaa wanamruhusu kurudi nyumbani.

Nyasi zimefika magotini kwa hii mvua. Nikasema nikate mwenyewe, mume wangu asikute pori. Nikakalia mashine yake ya kukatia nyasi, ikawaka vizuri, ikatembea hadi kwenye mwinuko wa kuelekea lango, ikakataa. Injini inanguruma, magurudumu yamesimama. Harufu ya mpira ulioungua. Nimeipiga teke. Sasa kidole kinauma.

Jumanne, 6 Mei

Kariuki, ndugu yake, alikuja kabla sijamaliza chai. Akaizunguka mashine kama anayenunua ng'ombe. "Mama Ciku, hii kitu uuze tu. Kuna mtu wa mtaa wa Jamhuri anaitaka. Kwani nani ataikalia tena?" Alisema hivyo akila mkate wangu. Mteja anakuja Jumamosi. Amepanga bila kuniuliza.

Nimekasirika. Kila Jumamosi tangu tuhamie Loresho, Baba Ciku alivaa kofia yake ya mkeka akakata nyasi. Hakuruhusu mtu kuigusa hiyo mashine, hata mimi. Akirudi akute imebaki alama ya mafuta tu sakafuni, ataelewa kwamba tumemzika akiwa hai.

Haiuzwi.

Nimechomoa ufunguo na waya wa betri, nikalala chini ya mashine juu ya gunia. Springi ya kukaza mkanda inavuta. Puli, vile vigurudumu vya mkanda, zinazunguka bila kelele. Shida ni mkanda unaozungusha magurudumu. Umelegea, una nyufa, pembeni unang'aa. Kesho Grogan, kwa wauza spea.

Jumatano, 7 Mei

Matope mpaka kwenye soksi. Kila duka la spea wimbo ni mmoja: "Mathe, uko na sampuli?" Ninayo. Nani huenda Grogan bila sampuli? Muuzaji mmoja akatundika mkanda wangu kwenye msumari, akatundika mpya kando yake, akaivuta yote miwili. "Si unaona? Ni same." Niliona. Nikarudi, nikaufunga ule mpya kwa mikono yangu. Nilijivuna kweli.

Mwinuko uleule. Harufu ileile. Na mkanda mpya!

Nimelia kwa hasira. Nimemkasirikia muuzaji, nimemkasirikia Kariuki, na Baba Ciku pia. Ndiyo, mgonjwa. Si angenifundisha? Miaka yote niko jikoni nasikia mlio tu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimerudi Grogan kugombana. Nikasema amenipa mkanda feki, tena kwa sauti. Watu wakajaa. Akaitundika tena yote miwili, sawa kabisa. "Mathe, sampuli haidanganyi." Wote wakaitikia kama kanisani. Nikaondoka na mikanda yangu.

Jioni nikakaa kubadilisha lastiki ya suruali ya kulalia ya Baba Ciku, maana amekonda, zote zinamvuka. Nikatoa lastiki iliyochoka, nikaweka mpya juu yake nipime nikate. Mkasi ukabaki hewani.

Mimi! Mwalimu wa sayansikimu mpaka kustaafu! Lastiki mpya haipimwi kwa iliyolegea, hilo nimelipigia kelele darasani maisha yangu yote. Mkanda wa zamani umevutika. Muuzaji alinipimia kwa uliovutika, na mimi nikakubali, na umati wote ukakubali. Nimejitukana kwa Kikuyu, Kiswahili hakikutosha.

Nimechukua kamba ya katani nikaizungusha kwenye puli zote, njia ileile ya mkanda, springi ikiwa imevutwa kidogo. Nikafunga fundo.

Ijumaa, 9 Mei

Grogan tena, na kamba. "Mathe, leo umeleta ya mbuzi?" Nikamwambia apime, aache mdomo. Mkanda unaotoshana na kamba ni mfupi kuliko ule wa kwanza. Akanifungia kwenye gazeti. "Ikikataa usirudi."

Mchana gari la hospitali likamleta Baba Ciku. Amebadilisha ukuta tu, sasa anatazama wa chumbani. Chakula hakugusa. Kariuki akapiga simu kuhusu mteja wake. Nikamwambia akithubutu kumleta nitafungulia mbwa. Anajua hatuna mbwa.

Jumamosi, 10 Mei

Mkanda niliufunga mapema. Nikamsukuma Baba Ciku kwa kiti chake hadi verandani, nikamwekea kofia ya mkeka mapajani. Hakuiangalia.

Mashine ilipanda mwinuko. Ilipanda! Nikakata kwenda na kurudi. Kariuki akatokea langoni na mteja wake, anapunga mikono, anapiga kelele. Sikumsikia na sikusimama. Nilipogeuka tena walikuwa wameondoka.

Nikazima, nikarudi verandani nimelowa jasho. Baba Ciku alikuwa ameinua mkono wa kushoto. Nikakimbilia maji, nikidhani ana kiu. Akatikisa kichwa. Kidole kilielekea kwenye ua, pale nilipoacha mstari wa nyasi bila kukatwa. Akakunja uso, uleule wa siku nikiunguza wali.

Nimefua, nimepika, nimelala matopeni chini ya mashine, na la kwanza analotaka duniani ni kunikosoa. Nikamwambia, "Si uje ukate mwenyewe!" Kidole hakikushuka.

Nikarudi nikakata ule mstari, polepole, nikipangusa macho kwa mkono wa blauzi. Nilipotazama verandani, kofia ilikuwa kichwani.