Kava la Cheni la Baiskeli ya Baba

Nyumba ya Ngazi Tatu,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. U hali gani, na wifi yangu je? Kile kikohozi chake kimekwisha, au bado anakificha usije ukampeleka kwa daktari? Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo haujambo. Asubuhi hii ameshagombana na muuza maziwa.

Nakuandikia kukushukuru. Najua ilivyokuwia vigumu kusema "kateni kava." Baiskeli ile baba alikuachia wewe, na tangu tumzike uliagiza isiguswe hata nati. Miaka yote tumeipita pale koridoni kwa ubavu, tukiiogopa.

Lakini kazi yangu ya kushona mashuka hospitalini ilikuwa inaniponyoka. Kwa miguu nilifika nimechelewa, nyonga inawaka moto, na msimamizi alishasema nikichelewa tena nisirudi. Nikijaribu baiskeli, ile soli nene ya kiatu cha mguu wangu mfupi wa kulia inagonga kava la cheni, naishia uwani kwa jirani. Jirani mwenyewe alishachoka kunipa pole.

Basi barua yako ilipofika tu, nikaikokota baiskeli mpaka kwa Fundi Polepole, na jina hilo hakupewa bure. Aliitazama mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akakata bati pale kisigino kinapopita, akakunja ukingo usinichane, na pengo akaliziba kwa ngozi laini ili gauni lisiliwe na cheni. Sasa nafika kazini kabla ya msimamizi, naye hapendi.

Haya, sasa kaa chini. Fundi alipokwangua rangi ya zamani kule nyuma, cheni inapozungukia gurudumu, tulikuta kuna bati jingine limeungwa. La kopo la mafuta ya kupikia, maandishi bado yanasomeka. Nikairudisha nyumbani hivyohivyo, nikamwonyesha mama. Alilipapasa, akacheka, kisha akalia.

Anasema lile kovu la kwenye kifundo cha mguu wako ulilipata hapo. Ulikuwa mdogo, umepakiwa nyuma, cheni ikakung'ata. Baba siku ile hakula. Alichukua kopo jikoni, mafuta akayamimina kwenye birika la chai, akalikata kopo na kuliunga kwenye kava la baiskeli hii, wakati huo mpya, aliyokuwa hataki hata vumbi liiguse. Birika mama hajamsamehe mpaka leo.

Nilipoipeleka tena ikamaliziwe rangi, fundi aliniuliza kama aling'oe lile bati la kopo, kazi ipendeze. Nikamwambia aliache, huo ni mguu wa kaka yangu.

Asante, kaka. Nisalimie wifi na watoto. Mama anakuombea, na mimi naomba Mungu akufungulie njia kama ulivyonifungulia yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Soli
(jina ulilonipa wewe, na hilo nalo sijasamehe)