Anayejibu Kutoka Chumba cha Kumi na Saba

Mama Noh mpendwa wa safu ya ushauri, naomba unisaidie maana sina mwingine wa kumweleza. Mimi ni mtafiti hapa mjini Daegu, Korea, kazi yetu inafadhiliwa na mfuko mmoja unaotaka kujua ni kitu gani hasa kinapunguza pengo kati ya vijana wenye nazo na wasio nazo, basi kila Jumatatu tunawatumia maswali kwa simu vijana mia mbili wanaoishi peke yao kwenye vile vyumba vya upana wa kitanda, na anayejibu anapata kuponi ya chakula. Mmoja, Tak Jae-ho, hakukosa hata wiki moja, nikaenda kumshukuru, mama mwenye nyumba akanitazama akasema, “Dada, huyo tulimzika Januari.” Nikamwambia juzi tu amejibu, akasema chumba chake, cha kumi na saba, hakijapata mpangaji, watu wanakiogopa, akarudi zake jikoni. Nilipanda hadi chumba hicho mchana kweupe, nikavua viatu, nikasimama mlangoni nikatuma swali, nikasikia simu ikilia ndani, kisha jibu likaingia kwenye simu yangu: “Wiki hii hakuna aliyebisha hodi.” Nilitimua mbio, viatu nikaviacha palepale. Profesa Bang, mkuu wetu, anasema jina la Jae-ho libaki kwenye orodha, tukipungua mia mbili mfuko hautatuongezea muda, na kweli utafiti huu unaweza kuwafaa wengi, lakini sasa kila Jumatatu simu ikitetema naifunika kwa mto. Nifanye nini?
Seon-a

Seon-a, pole, hata mimi nilisoma barua yako nikaenda kufunga dirisha. Lakini niambie, marehemu anakula kuponi? Mle ndani kuna mtu hai, kajificha, hana pa kulala, anajibu maswali kwa simu aliyoiacha marehemu ili apate wali. Na alikujibu ukweli. Wewe unayelipwa kuwachunguza vijana wasiofikiwa na mtu, ulimfikia mmoja, ukakimbia! Jionee aibu kidogo, inatosha.

Rudi kesho adhuhuri, uende na mwenzako na chakula cha moto. Bisha hodi, taja jina lako, kaa chini hapo mlangoni hata saa nzima. Usimuulize swali lolote la utafiti. Halafu waandikie wenye mfuko wewe mwenyewe, Profesa Bang atake asitake, kwamba Jae-ho alifariki Januari na ninyi mlikaa miezi mnapokea majibu kwa jina lake bila kushtuka. Wakikata ufadhili, wakate. Utafiti unaomhesabu maiti ili uendelee hautamwokoa kijana yeyote.