Nyama Isiyolia

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta umeamka afadhali kuliko wiki zilizopita, goti limepunguza kuuma, na umeanza kula walau vijiko viwili vitatu. Nisalimie mashemeji zangu wote wawili, pamoja na shangazi anayelala nawe siku hizi. Mimi mwili unakwenda. Naamka, nafagia, nachemsha chai ya watu wawili, ndipo nakumbuka.

Mama, Alhamisi utasimama mahakamani kutoa ushahidi kwamba Mama Soya alimlisha mwanao sumu akamuua, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni. Nakuomba uisome barua hii yote kabla ya siku hiyo, na uisome ukiwa umekaa.

Unajua jinsi mwanao alivyoacha nyama. Siku mimba ya pili ilipotoka nilitoka kazini machinjioni na damu ya ng'ombe kwenye mishono ya viatu, nikamkuta kaketi sakafuni na damu yake mwenyewe. Nilipomuinua, damu mbili zikachanganyika mikononi mwangu. Tangu hapo harufu yangu ikamshinda. Ikawa navua nguo uani, naoga kwa sabuni ya kufulia, ndipo naingia. Hakunisimanga hata siku moja. Aliniuliza tu, kila jioni, kama leo ng'ombe walilia. Nami nilimwambia hapana, leo walitulia kabisa.

Walilia, mama. Wanalia kila siku. Kwetu nyundo ya kwanza ikikosa, ng'ombe anapiga magoti na kunyanyuka tena, macho yamemtoka, anaburuta watu watatu kwa mnyororo. Anaweza kuwa keshakatwa shingo na mguu bado unarusha mateke. Mwenzangu tunayemwita Shoka alivunjwa taya kwa mateke ya namna hiyo, na ng'ombe alikuwa tayari hana kichwa. Alipoweza kusema tena, alisema yeye ndiye mtu wa kwanza kupigwa na marehemu.

Basi mwanao alipoonja soya kwa Mama Soya, mama yule mwenye meza ya nafaka kwenye kona ya mtaa wetu, aliipa jina papo hapo: nyama isiyolia. Alirudi na pakiti mbili kifuani kama mtu aliyeshinda kitu. Mama Soya alimfundisha vizuri. Ailoweke kwa maji ya moto, aikamue, aichemshe mpaka ivimbe na kulainika, kisha aifinyange vibonge na kitunguu na kuvikaanga. Asile kilicholala bila kupashwa moto mpaka ndani. Alimtahadharisha pia kwamba soya peke yake haitoshi mwenye mimba, aende kliniki aulize. Akaenda. Muuguzi akamwambia hakuna ubaya kuacha nyama, mradi ameze vidonge vya damu na vile vingine alivyoandikiwa, ale dengu na mboga, na asome nyuma ya pakiti maana nyingine zina chumvi kupita kiasi. Mwanao aliyaandika yote kwenye karatasi, akaibandika ukutani kwa uji. Kwenye neno "vidonge" alichora jicho, ili limwangalie.

Mimba ya tatu ilipofika mwezi wa tatu bila kutoka, nilianza kuogopa hata kukohoa karibu naye.

Kazini walijua. Shoka akawa ananiimbia mbele ya watu kwamba mchinjaji mzima analea mke kwa majani, si bora ningefuga sungura. Siku moja alisema mimba mbili za kwanza zilikimbia njaa. Nilimrukia. Tulibingirika kwenye mfereji wa damu, nikamshika masikio nikawa nampigisha kichwa sakafuni, mpaka msimamizi akatufungulia bomba la maji kama mbwa. Mimi, mama, ambaye mwanao alikuwa ananiita Pamba.

Nawe ulipokuja kututembelea ulinishika mkono pale mlangoni, ukaniambia mtoto hajengwi kwa maharage, na kwamba mwanao asikonde mikononi mwa mtu anayeshinda na nyama. Sikulaumu. Nakukumbusha tu kwa sababu nataka niseme kila kitu.

Mwezi wa tano akaanza homa. Asubuhi mzima, mchana anatetemeka, jioni shuka limelowa jasho. Viungo vikamuuma hata akashindwa kushika kikombe. Siku ya tisa mtoto akatoka, na damu haikusimama. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, damu inanitiririka miguuni, ananiomba radhi kwa kunichafulia suruali. Siku nne za hospitali unazijua, ulikuwepo. Unajua alivyouma shuka mpaka likachanika. Unajua mtoto alikuwa mvulana.

Siku ya maziko, mtu mmoja alisema ni soya. Sikuona ni nani. Neno likazunguka uani kama moto kwenye nyasi, na mashemeji zangu wakasimama. Waliniuliza anakaa wapi. Mimi ndiye niliyewaonyesha njia. Nilipitia ndani nikachukua kulabu yangu ya kazini, ile ya mpini wa chuma.

Walipindua meza, wakapasua magunia, wakamburuta kwa nywele juu ya soya yake iliyomwagika. Mkubwa alimkanyaga mbavuni, mdogo akamjaza soya kavu mdomoni, anamwambia ale, ale alichomlisha dada yao. Mama Soya alitema, akanyanyua mkono kujikinga, akapiga kelele kwamba yeye alimfundisha kuichemsha, na tuulizane wenyewe nyumbani kilichochanganywa humo. Ndipo nilipompiga. Nilishusha mpini kwenye ule mkono. Mfupa nimeusikia ukivunjika mara elfu kazini, lakini ule ulilia. Polisi walipokuja, watu wote walimnyooshea yeye kidole, na walimchukua yeye. Mpaka leo yuko mahabusu na mkono wa plasta.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Pana kipande cha ng'ombe ambacho wanunuzi wengi hawakitaki, nacho ni kiwele, lile ziwa lenye chuchu. Sisi wachinjaji hugawana. Ni cheupe na laini. Ukikisaga, ukakiweka karibu na soya iliyochemshwa, hata mimi siwezi kuvitofautisha. Mwanao alikuwa anachemsha soya yake mapema, anaikamua, anaifunika kwenye bakuli la bluu, halafu anajilaza kidogo kabla ya kukaanga. Alipokuwa amelala, mimi nilifunua bakuli nikachanganya kiwele kibichi. Nilitaka mtoto apate nguvu. Nilianza mwezi wa tatu, nikaendelea. Yeye alikaanga vibonge mpaka vibadilike rangi nje tu, kwa sababu alijua ndani kila kitu kimeshaiva. Alifuata kila neno la karatasi yake. Alisema soya ya siku hizi ni tamu sana, akaenda mwenyewe kwa Mama Soya kumshukuru.

Siku moja tulikata mafungu yetu kabla mkaguzi hajafika na muhuri. Alifika kesho yake, akamwangalia yule ng'ombe, akauliza ametoka zizi gani, akaamuru mzoga mzima umwagiwe dawa na ufukiwe. Alisema zizi lile lina ugonjwa wa kutupa mimba. Wenzangu walitupa mafungu yao. Langu lilikuwa limeshaliwa tangu jana yake. Nilikwenda nyumbani nikamkuta anashona kofia ndogo, anaimba kwa pua. Nikanyamaza. Nilijiambia kutupa mimba ni ugonjwa wa ng'ombe.

Bado, mama. Pana kubwa kuliko hilo. Hospitali, siku ya kwanza, daktari aliniita pembeni. Aliniuliza kama mke wangu anakunywa maziwa mabichi, au amekula nyama isiyoiva, au kama kuna mnyama mgonjwa aliyemkaribia. Alinieleza kwa nini anauliza: kuna homa ya namna hiyo ambayo dawa yake ipo, ila ni lazima ajue mapema. Wewe ulikuwa umeketi kwenye benchi, unatutazama. Nilimjibu kwamba mke wangu hagusi nyama, anakula soya tu. Aliandika hivyo. Akamtibu homa nyingine kwa siku nne.

Jumatatu iliyopita niliitwa kuchukua majibu ya damu. Ni ugonjwa uleule wa zizi. Karatasi nimeiweka ndani ya bahasha hii, na daktari amesema atafika mahakamani akiitwa. Pale kwenye meza, mama, sikumpiga Mama Soya kwa hasira ya msiba. Nilimpiga kwa sababu alikuwa amebakiza neno moja tu kufika kwangu.

Kwa hiyo usile kiapo dhidi ya yule mama. Ukisimama Alhamisi, waambie umepata barua. Mimi leo nikishaikabidhi hii kwa dereva wa gari la mizigo anayekuja huko, nakwenda kituoni kwa miguu yangu kusema haya haya niliyokwambia, pamoja na habari ya mkono niliouvunja. Nguo za mwanao nimezifua na kuzikunja, ziko kitandani. Ufunguo nimemwachia jirani wa mkono wa kulia.

Nawajua shemeji zangu. Wakishaisoma mpaka hapa watasimama kama walivyosimama siku ile, na safari hii hawatakuwa wamekosea mtu. Sikuombi uwazuie. Waombe tu wangoje mpaka Alhamisi ipite, niwe nimeshasema mahakamani, na yule mama awe ameshatoka.

Nisalimie wote watakaokubali salamu yangu. Pole mama, kwa mwanao na kwa mjukuu wako.

Ni mimi, uliyemkabidhi mwanao,
Pamba